Kiapo na Bajeti: Nani Hupanga Maadili ya Muuguzi?

Agosti 2013 mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni, kwenye korido ya hospitali ya umma mjini Bungoma, magharibi mwa Kenya. Tukio lilirekodiwa kwa simu na video ikasambaa. Baadaye mama huyo alieleza mahakamani kwamba alipozinduka aliwakuta wauguzi wakimfokea na kumpiga. Hasira ya umma ilielekea palepale inapoelekea siku zote: manesi hawana utu, manesi wamekosa wito.

Mahakama Kuu ilipotoa hukumu Machi 2018, haikuishia kwa manesi. Ilikubali kwamba utu wa mama huyo ulivunjwa na waliomhudumia. Iliona pia kwamba serikali kuu na serikali ya kaunti zilishindwa kutenga rasilimali na kusimamia sera zao zenyewe. Uzazi bila malipo ulikuwa umetangazwa kuanza Juni 1 mwaka huohuo wa 2013. Miezi miwili baadaye mama huyu alilazimika kujinunulia pamba na dawa ya kuanzisha uchungu, na uchungu ulipokolea hakukuwa na kitanda leba. Mahakama iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi rasmi.

Hukumu ile iliweka kofi na bajeti kwenye shauri moja. Mijadala yetu mingi ya maadili ya uuguzi huvitenganisha: kofi hupelekwa kwenye semina ya maadili, bajeti hupelekwa kwenye kikao cha fedha, na vikao hivyo viwili havikutani. Hoja ya makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya maamuzi ya kimaadili ya muuguzi huwa imekwisha kufanywa kabla hajaingia zamu. Hufanywa na aliyepanga ikama, aliyeamua nani alipe na nani asilipe, aliyechagua kipi kihesabiwe, na aliyeweka adhabu. Muuguzi huachiwa uamuzi wa mwisho, ambao ndio pekee mgonjwa anauona.

Wito uliorithiwa

Uuguzi wa kisasa uliingia Afrika Mashariki kupitia hospitali za misheni na idara za afya za serikali za kikoloni. Kote kuwili, muuguzi aliyetakiwa ni mtu wa wito: msafi, mtiifu, mvumilivu, asiyelalamika. Hadi leo wahitimu wa vyuo vya uuguzi hushika mishumaa na kula kiapo chenye jina la Florence Nightingale. Nightingale mwenyewe hakukiandika. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na katika umbo lake la kwanza kilimtaka muuguzi aahidi uaminifu wa kumsaidia daktari katika kazi yake. Hakikusema neno juu ya mwajiri.

Kanuni zilizofuata zilipanua mambo. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953 na limezirekebisha mara kadhaa, karibuni zaidi mwaka 2021. Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ambayo inalipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka ya kusajili, kutoa leseni na kusikiliza mashauri ya nidhamu. Huu ni ulinzi muhimu kwa mgonjwa, lakini una upofu wake: anayeweza kufikishwa mbele ya Baraza ni mtu mwenye namba ya usajili. Halmashauri iliyoiacha wodi nzima na muuguzi mmoja usiku kucha haina leseni ya kunyang'anywa.

Mwaka 1984 mwanafalsafa Mmarekani Andrew Jameton alieleza hali ambayo kanuni hizo hazikuwa zimeipa nafasi: muuguzi anajua jambo lililo sahihi, anataka kulifanya, lakini taasisi anamofanyia kazi inamzuia. Tuiite dhiki ya dhamiri. Inatofautiana na utata wa kimaadili, ambapo mtu hajui lipi ni jema. Makala iliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nursing Ethics, kutokana na maelezo ya wauguzi wa Tanzania wenyewe, ilionyesha kuwa dhiki hiyo wanaijua vizuri. Ukimfundisha tena mtu wa namna hii kwamba mgonjwa anastahili faragha, hujamfundisha kitu. Anachokosa ni pazia.

Kugawa uhaba

Mwaka 2007 Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliojulikana kama MMAM, wenye shabaha ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wakati huohuo kinamama walihimizwa kwa nguvu zote wajifungulie vituoni, nao wakaitika. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi ukifanyika vituoni. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81. Ni mafanikio makubwa ya sera, na vifo vya uzazi vilivyokadiriwa na tafiti hizo vilipungua sana.

Lakini kila mama aliyeshawishika kuja alikuja kwenye zamu ya mtu fulani. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2016, ajira serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 watumishi 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakiwamo wa sekta ya afya. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, na hakuna mgonjwa anayetaka kuhudumiwa na mwenye cheti bandia. Hata hivyo majina yalipoondolewa kwenye orodha ya mishahara, wagonjwa hawakuondoka wodini. Waliobaki waligawana zamu za walioondoka.

Tazama hesabu ya leba. Miongozo inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa kwa kila mama ambaye uchungu wake umekolea. Muuguzi mkunga aliye peke yake na kinamama wanne anatakiwa afanye hivyo mara nane kwa saa, huku akiandika, akizalisha, akishona na kumpokea anayefika kwa bajaji. Mmoja akianza kuvuja damu, wale watatu wameachwa. Amefanya uamuzi wa kimaadili mzito kuliko wowote unaofanywa makao makuu ya wizara, na ameufanya ndani ya sekunde, bila kuandikwa popote kwamba aliamua.

Mtaalamu wa siasa Michael Lipsky aliandika mwaka 1980 kwamba watumishi wanaokutana na umma ana kwa ana ndio watunga sera wa mwisho, kwa sababu wanapozidiwa hubuni njia za mkato, na njia hizo ndizo huduma anayoipata mwananchi. Kwenye wodi zetu njia za mkato zinajulikana. Mama huambiwa arudi nyumbani, njia bado. Ndugu hutumwa kununua glovu. Mkali husikilizwa kabla ya mpole. Na sauti hupandishwa, kwa sababu mtu mmoja anayetawala watu kumi na watano hugundua haraka kwamba ukali ni njia ya bei nafuu ya kupata utulivu. Baada ya miaka michache, kilichoanza kama dharura kinakuwa tabia, na muuguzi mpya akifika anafundishwa kwamba hivi ndivyo kazi inavyofanywa.

Vijijini uhaba una sura nyingine. Katika zahanati ambayo tabibu yuko likizo au hajawahi kupangiwa, muuguzi ndiye anayepima, anayeandika dawa, anayetoa dawa na anayeshona. Tanzania ilitoa mwongozo wa kugawana majukumu mwaka 2016, lakini utaratibu wa kila siku huenda mbele ya maandishi. Mambo yakienda vizuri anasifiwa kwa kujituma. Yakienda vibaya anaulizwa nani alimruhusu.

Pesa mlangoni

Tangu mwaka 1993 Tanzania ilipoanza uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma, makundi fulani yamesamehewa malipo kwa mujibu wa sera: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza. Msamaha huo haufuatwi kila mara na fedha za kufidia kituo. Mama hutozwa sifuri, lakini uzi wa kushonea, glovu na dripu bado vina bei. Kwa hiyo muuguzi anayemwambia mama aje na vifaa vyake anavunja sera, na anayekataa kumwambia anamweka kwenye hatari ya kujifungua bila vifaa. Wote wawili wana dhamiri.

Hapo ndipo malipo ya pembeni hupata mahali pa kuota. Mkono mtupu haulambwi, husema watu, na mgonjwa anayeona ndoo ya glovu imekaa tupu hawezi kujua kama kweli zimekwisha. Utafiti wa Ottar Mæstad na Aziza Mwisongo kuhusu watumishi wa afya wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulieleza mambo haya kwa maneno ya watumishi wenyewe: kwamba malipo hayo yanaweza kumfanya mtumishi atengeneze uhaba wa bandia au acheleweshe huduma ili apewe kitu, na kwamba yanavunja moyo wa wale wasiopata mgawo. Uhaba wa kweli huwapa kisingizio wanaotengeneza wa uongo, na mgonjwa hana namna ya kuwatofautisha. Kwa maana hiyo bohari tupu huharibu maadili hata ya muuguzi mwaminifu, maana neno lake haliaminiki tena.

Kenya ilitoa mfano mkali zaidi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuia kinamama hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hawajalipa bili ni kinyume cha katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyehakikisha kila asubuhi kwamba mama hajatoroka alikuwa mara nyingi ni yuleyule aliyemzalisha. Hakuna chuo kinachofundisha ukunga na ulinzi wa gereza katika mtaala mmoja. Sera ya mapato ndiyo iliyovifunga pamoja.

Kinachohesabiwa

Sera huzungumza na muuguzi kwa takwimu kuliko kwa hotuba. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani, Tanzania, ulifanyiwa majaribio ya malipo kwa ufanisi: kituo kikifikia malengo, watumishi wanapata bonasi. Tathmini ilionyesha picha yenye pande mbili. Uzazi vituoni uliongezeka, kinamama wachache zaidi walilipa kutoka mfukoni, na wakunga walitajwa kuwa wapole zaidi wakati wa kuzalisha. Lakini kwenye zahanati, mahudhurio ya huduma zisizokuwa kwenye orodha ya malengo yalipungua. Wauguzi ni walewale na kiapo ni kilekile. Kilichobadilika ni kinacholipiwa, na upole ukaongezeka upande mmoja huku mlango mwingine ukipungukiwa watu.

Fomu nazo zina athari yake. Partografu, chati ya kufuatilia uchungu, ilibuniwa ili kuokoa maisha. Inapodaiwa ijazwe kwa kila mama na wakaguzi wanaangalia kama imejazwa tu, mahali penye mkunga mmoja kuna njia moja ya kutii: kuijaza baada ya mtoto kuzaliwa. Kanuni isiyotekelezeka humfundisha mtu mwaminifu kudanganya kwa maandishi, na akishazoea hapo, mstari unaofuata ni rahisi kuuvuka.

Zanzibar imeonyesha njia tofauti. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mradi wa PartoMa ulioanza mwaka 2014 uliandika upya miongozo ya leba pamoja na wakunga na madaktari wa hapohapo, kwa kuzingatia idadi yao halisi na vifaa walivyonavyo, kisha ukafuata mafunzo mafupi ya mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Mradi haukuleta jeshi la watumishi wapya. Uliwauliza watu wa wodi nini kinawezekana, ukakiandika, ukawadai hicho.

Hofu na ukimya

Kuna upande wa sera usioandikwa kwenye mwongozo wowote: namna wakubwa wanavyoadhibu. Kwa miaka kadhaa Watanzania wamezoea habari ya kiongozi anayefika hospitalini na waandishi, anasikiliza malalamiko ya ndugu, na muuguzi anasimamishwa kazi palepale. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48, na watumishi wa afya wanalijua hilo. Wananchi hushangilia, na ni rahisi kuelewa kwa nini: wamekwisha kudharauliwa mno dirishani.

Gharama hulipwa baadaye. Vikao vya kujadili vifo vya uzazi vimejengwa juu ya ahadi kwamba hakuna kulaumiana, lengo ni kujifunza. Muuguzi aliyemwona mwenzake akitumbuliwa mbele ya kamera hataiamini ahadi hiyo. Atafuta, ataandika upya, atampa rufaa mgonjwa anayejua hatafika, ili kifo kihesabiwe kwenye kituo kingine. Adhabu iliyokusudiwa kulinda maisha hugeuza ukweli kuwa kitu cha hatari, na ukweli ndio nyenzo ya kwanza ya maadili ya kitabibu.

Tusidhani haya ni mambo ya nchi maskini pekee. Katika hospitali ya Stafford, Uingereza, wagonjwa waliteseka kwa miaka, wengine wakiachwa bila maji wala usafi. Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis, uliotoa ripoti yake mwaka 2013, ulieleza uongozi uliotawaliwa na shabaha za fedha na hadhi ya taasisi, idadi ya wauguzi iliyopunguzwa, na watumishi waliosema wasisikilizwe. Nchi hiyo ilifuata kwa kuweka mwaka 2014 wajibu wa kisheria wa kumwambia mgonjwa ukweli huduma inapomdhuru, na wajibu huo uliwekwa juu ya taasisi, haukuachwa kwa mtu mmoja mmoja.

Pasipo na njia ya kusema kwamba wodi si salama, sauti hutafuta njia ya kutokea kwa pamoja. Wauguzi wa Kenya waligoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, karibu miezi mitano, wakidai makubaliano ya maslahi yao, wakati huduma za afya zikiwa tayari chini ya kaunti 47. Waliouliza kama ni halali kimaadili kumwacha mgonjwa walikuwa na swali zuri. Walitakiwa waongeze la pili: mtumishi ambaye barua zake hazijibiwi mwaka mzima amebakiziwa njia gani?

Mpaka wa hoja

Mtafiti wa Afrika Kusini Rachel Jewkes na wenzake waliuliza mwaka 1998 kwa nini wauguzi huwanyanyasa wagonjwa. Majibu yao hayakuishia kwenye uchovu na uhaba. Walitaja historia ya ubaguzi, tabaka, na hamu ya wauguzi ya kujitenga na wanawake maskini waliofanana nao mno. Nasi tuna namna yetu ya jambo hilo: msichana aliyepata mimba shuleni, mama wa mtoto wa saba, mwanamke asiyejua Kiswahili vizuri, hawa hupokewa kwa maneno ambayo mke wa ofisa hayasikii. Hapo bajeti haina la kujibu. Glovu zingejaa hadi dirishani, dharau ingebaki.

Kwa hiyo hoja ya mazingira isigeuzwe msamaha wa jumla. Katika wodi ileile, zamu ileile, yupo anayempiga mama na yupo anayemshika mkono, na wagonjwa huwajua kwa majina. Kinachohitajika ni kutenganisha aina za makosa. Kuchelewa kwa sababu ya wingi wa wagonjwa ni kosa la ikama. Kughushi chati isiyojazika ni kosa la fomu na la aliyejaza, kwa viwango tofauti. Kudai rushwa wakati bohari imejaa ni kosa la mtu. Kumtukana binti kwa sababu ya umri wake ni kosa la mtu na la wodi iliyolizoea bila kukemea. Tiba za makosa haya ni nne, na semina ya maadili ni sehemu ya moja tu.

Ushahidi wa Tanga unasaidia hapa. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, karibu mwanamke mmoja kati ya watano alisema alitendewa vibaya alipohojiwa akitoka wodini. Walipohojiwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa zaidi ya mmoja kati ya wanne. Mradi wa Staha uliofuata uliwakalisha pamoja wanajamii na watumishi waandike mkataba wa huduma, kisha wodi ikachagua mabadiliko yake. Yalikuwa ya kawaida sana: mapazia, mahali pa faragha pa kumpokea mama, tangazo la kila siku la vifaa vilivyokwisha, kumwonya anayekiuka, chai kwa walio zamu. Unyanyasaji ulipungua kwa kiwango kikubwa. Tangazo la vifaa lilirudisha imani ya neno la muuguzi; onyo liligusa tabia ya mtu; chai ilimkumbusha mtumishi kwamba naye anaonekana. Mazingira na dhamiri vilishughulikiwa pamoja.

Kuwajibishana kwa pande mbili

Kutokana na haya yanatoka mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri utajiri. Kila shauri la nidhamu la muuguzi lianze kwa kuweka mezani ratiba ya zamu, idadi ya wagonjwa wa siku ile na leja ya vifaa, na mwajiri ayatolee maelezo kabla muuguzi hajajitetea. Kiongozi wa kisiasa apeleke malalamiko kwenye Baraza badala ya kutoa hukumu wodini. Vikao vya vifo vya uzazi vilindwe kisheria na vitenganishwe na nidhamu. Muuguzi mfawidhi awe na fomu ya kutaarifu kwamba zamu si salama, na aliyeipokea awajibike kujibu kwa maandishi. Na mwongozo wowote mpya ujaribiwe kwanza kwenye zamu ya usiku ya hospitali ya wilaya kabla ya kuchapishwa.

Mtihani unaofuata umekwisha kuingia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kama ilivyokuwa kwa uchangiaji na kwa uzazi wa bure, mjadala mwingi umehusu viwango vya kuchangia na vifurushi vya huduma. Wanaosimamia kanuni zake wajibu swali moja la maadili mapema: asiye na kadi akifika saa nane usiku akiwa hoi, nani atamwambia nini, na gharama yake italipwa kutoka kasma gani? Lisipojibiwa kwenye kanuni, muuguzi wa zamu ndiye atakayelijibu, kila usiku, kwa namna tofauti, kisha tutamuuliza utu wake umekwenda wapi.